Vitambaa Thelathini na Sita

Idwal fundi bomba alipiga magoti uani,
akaingiza mkono hadi begani,
akavuta, akavuta,
kikatoka kitu cha kijivu, kirefu,
kama kamba iliyosokotwa na mtu mwenye kinyongo.
"Hizi hapa," akasema, "tishu za mtoto wenu.
Kwenye pakiti wameandika zinayeyuka."
Akainua moja. Haikuwa imeyeyuka hata pembeni.
Mvua ya Blaenau ilitunyeshea sote watatu,
mimi, yeye na ule uchafu.
Akaandika bili. Nikaisoma mara mbili.

Usiku ule Mabli alilala, jambo la nadra.
Nikatoa kabatini pajama zangu za flaneli,
zile zilizoisha matakoni lakini miguu bado mizima.
Heledd alinipa mkasi, hakusema neno.
Mimi ni tarishi wa posta: mikono yangu inajua anwani,
haijui cherehani.
Kipimo kilikuwa shibiri kwa shibiri.
Mraba wa kwanza ulitoka na pembe tano,
wa pili ukaona haya, ukajikunja.
Kufika wa kumi na mbili
sindano ilishanionja kidole,
na nyuzi za ukingoni zilikuwa zinachomoka
kama ndevu za mzee aliyesahau kunyoa.
"Pinda," akasema Heledd. "Kisichopindwa hufumuka."
Nikapinda.

Maji yawe yamechemka yakapoa,
mafuta ya lozi kijiko kimoja, si zaidi.
(Siku ya kwanza nilimimina kwa ukarimu,
nikabaki na mtoto anayeteleza kama kipande cha sabuni.)
Manukato, hapana.
Ngozi yake haijaomba kunukia waridi.

Kisha akaja mama mkwe, Nerys,
akavikuta vimeanikwa juu ya jiko,
maana huku kwetu nguo haikauki, hungoja.
Akavitazama kama anayekutana na mdai wa zamani.
"Nilichemsha nepi miaka sita," akasema,
"watoto watatu, sufuria moja, mgongo mmoja.
Vilipokuja vya kutupa nililia kwa furaha.
Nanyi leo mnavirudisha na kuviita vizuri."
Sikuwa na jibu.
Nilivikunja tu, kimoja ndani ya kingine,
ili ukivuta cha juu
cha chini kichungulie.
Akakaa. Akanywa chai.
Baadaye nikamwona anakunja, haraka kuliko mimi,
bila kutazama vidole.

Tumekosea pia, nisijisifu.
Tulisahau mfuko nyuma ya mlango siku tatu za sikukuu;
tulipoufungua, mbwa wa jirani alihama uwanja.
Ukungu ulitia nukta nyeusi kwenye vinne.
Na jezi yangu nyekundu ya raga
iliingia mashineni bila mwaliko:
tangu hapo vyote ni vya waridi,
Mabli anafutwa kwa rangi ya ushindi
ambao timu yangu haijaupata.

Leo nimekwenda kumwona baba, kule wanakotunza wazee.
Miaka arobaini alipasua mawe ya kuezekea
hadi yakawa membamba kama biskuti;
sasa kijiko kinamshinda.
Supu ilimshuka kidevuni.
Nikapapasa mfukoni, leso sina,
nikakuta mraba wa waridi,
wenye mshono uliopinda kama njia ya mbuzi.
Nikauloweka kwenye maji ya glasi yake,
nikamfuta mdomo, kisha shingo,
kisha lile kunjo la chini ya kidevu
ambalo kwa Mabli huficha maziwa.
Akafumba macho. Akaniachia uso wote.

"Laini," akasema. Halafu, kwa shaka ya zamani,
ile aliyokuwa akinisailia nilipokuwa mtoto:
"Kimetoka wapi hiki?"

"Kwenye pajama, baba."

"Na kabla ya kunifuta mimi kilifuta nini?"

"Kimefuliwa," nikamwambia.
"Nyuzi sitini. Mara mbili."