Sega

Saa kumi na moja alfajiri, Akron. Theluji ya jana imeganda
kama uji uliosahauliwa sufuriani.
Nikawasha pikapu, nayo ikafoka:
bati linaloburutwa juu ya meno ya mtaa mzima.
Taa ya Bi Darlene ikawaka ng'ambo. Mbwa wake akafuata.
Nikazima haraka, kama mtu aliyejamba msibani.

Nikalala chali barabarani, simu mdomoni ikimulika,
koti likinata kwenye barafu.
Pale palipopaswa kuwa na lile tumbo la chuma
palikuwa na hewa.
Mabomba mawili yakitazamana, midomo wazi,
kama jamaa waliokatizwa mazungumzo.
Juu ya theluji, vumbi la chuma, jeusi, laini:
msumeno wa betri, dakika mbili, mkono usiotetemeka.
Mungu anisamehe,
niliupenda ule mkato kabla sijaukasirikia.

Polisi walinipa tarakimu tisa na pole ya mashine.
Bima: pikapu ya mwaka elfu mbili na mbili
haina bima ya vyake, ina bima ya vya watu.
Fundi Wendell: dola elfu moja na mia nane ikiwa halisi,
mia nne na hamsini ya bandia. "Na watarudi," akasema,
akifuta mikono bila kuniangalia.
"Gari lililoinuka hivi, hawahitaji hata jeki."
Na siku hiyo nilikuwa na nyumba tatu za kukwangulia theluji Barberton.

Tumsifu, mke wangu, akauliza ndani yake mna nini
hata watu watambae chini ya magari ya wenzao kwenye baridi hii.
Nikamwambia: sega.
Sega la udongo wa kuchoma, limepakwa madini
ambayo sonara wetu hajawahi kuyatia mkononi.
"Na asali?"
Asali wanajua wao pa kuikamua.

Sikumwambia mengine.
Kwamba Nyakato, Mwanza, nikiwa na miaka kumi na tisa,
tulikuwa tukiyatoa mchana kweupe.
Mtu akija na ugonjwa wowote, breki, rejeta,
bosi Magesa anatega sikio, anatikisa kichwa:
"Limeziba. Linakunywa mafuta."
Kisha mimi, na nondo, na nyundo.
Sega linamwagika kwenye karai kama chenga za chungu.
Tunarudisha bomba tupu, tunachomea, tunapaka rangi.
Mwenye gari anatulipa. Anatushukuru.
Jumamosi anakuja mtu na mzani mdogo ndani ya mfuko wa rambo,
haulizi, haulizwi.
Fungu langu halikutosha jozi ya viatu.

Mwalimu Kashindye alikuwa na Corolla nyeupe.
Alikuja kwa ajili ya taa ya nyuma.
Taa tu.
Alisimama pale, kofia mkononi, akisema "nyinyi ndio mnaojua,"
na mwezi uliofuata akapita, gari likinguruma,
akanipungia mkono.

Ile methali unaijua. Siisemi.
Mwizi wa Akron hakutumwa na mtu,
ana njaa yake, au sindano yake, au kodi yake ya nyumba.
Ila nilipolala pale chini nilijua pa kuutafuta mkato
kabla mwanga haujafika.

Nilinunua ya bandia. Nikaiundia ngao
kwa vyuma vya kitanda cha watoto waliokwisha kukua,
boliti nane, vichwa nimevisaga.
Wendell akanipa kalamu ya kuchorea chuma:
andika namba ya gari, huenda siku moja ikarudi.
Nikaandika namba. Nafasi ikabaki.
Nikaandika KASHINDYE.
"Jina la mkeo?"
La mwenye mali, nikasema.

Usiku huamka mara mbili tatu, nikachungulia dirishani.
Juzi nilimwona mtu ameinama kando ya gurudumu.
Alikuwa akifunga kamba za viatu.
Alipoinuka tukatazamana,
muda mrefu kuliko inavyotakiwa.