Kumbukumbu za Kikao

Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa baraza la wazee.
Miaka kumi na mmoja, wino wa buluu, mwandiko wa kulala,
na karibu kila ukurasa una sentensi ile ile:
"Suala la mfereji limejadiliwa. Tumeliombea."

Mfereji wenyewe unapita nyuma ya kanisa,
pale mtaa wetu unapong'ang'ania ubavu wa mlima,
mlango wa huyu ukitazama paa la yule,
ngazi juu ya ngazi.
Mvua za Juni zikishuka Mizoramu hazipigi hodi.
Huingia zikiwa zimeukokota mlima.

Sisi tulikuwa na ajenda.
Vigae vya mimbari: vyeupe, au rangi ya maziwa?
Spika mbili. Kiti cha mchungaji.
Pu Hrangchhuana alinena saa nzima juu ya unyenyekevu
na hakuna aliyethubutu kumkatiza.

Pi Thangkimi hakuwa mjumbe.
Mjane, muuza machipukizi ya mianzi,
kila apikapo hutenga konzi moja ya mchele
kabla chungu hakijapata haki yake,
akaitia kwenye kopo la kanisa
kama mama yake, kama bibi yake.
Konzi hiyo hata nyumbani kwangu hutolewa.
Ila sikuwahi kujiuliza
mkono ukishatoa mchele, kutwa nzima unafanya nini.

Wake ulikwenda mferejini.

Nilimkuta Jumapili moja, umande haujakauka,
mimi na tai yangu, yeye na matope hadi magotini,
akitoa chupa, mifuko, nepi,
kiatu kimoja cha mtoto, akakisuuza, akakiweka ukutani
mwenyewe akipita akione.
Nikamwambia, "Leo ni siku ya Bwana, Pi Kimi."
"Najua," akasema. "Ndiyo maana nachimba polepole."

Ibadani alichelewa, akakaa nyuma kabisa.
Mahubiri yalihusu wanaochelewa.

Naye alikuwa na kumbukumbu zake,
katika daftari la hesabu la mjukuu, kwa penseli:
"Machi 4. Manispaa. Karani yuko chai.
Machi 19. Karani yuko mkutanoni.
Aprili 2. Karani mpya. Faili haionekani.
Aprili 30. Faili nimeiona mwenyewe, chini ya birika."
Safari nane. Nauli kaandika pembeni,
si ya kudai, ya kukumbuka tu.

Uchaguzi ulipofika, kijana wa mgombea alimletea bahasha.
Akairudisha bila kuifungua.
"Mwanangu, kura yangu siiuzi.
Lakini kama mna koleo la akiba, naliazima."

Ukuta ukaja, mita tisa, umepinda kidogo,
na ule usiku mlima ulipoteleza
maji yalipata njia yake.
Sitasema muujiza.
Zodinga alipoteza jiko na kuku wanne.
Wala hakuna awezaye kuthibitisha
kwamba ni mfereji, au ni ukuta, au ni Mungu,
au kama kuwatenganisha hao watatu kuna maana yoyote.
Asubuhi tulihesabiana. Tulitimia.

Baraza likapitisha hati ya shukrani, yenye fremu.
Hakuja kuichukua. Akatuma neno:
"Mpeni karani wa birika. Mwishowe alitia sahihi."

Kikao kilichofuata nikashika kalamu.
Nikaandika: "Suala la mfereji wa chini limejadiliwa.
Tumeliombea."
Nikasita. Wazee wakanitazama.
Nikaongeza, bila kumwuliza mwenyekiti:
"Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi.
Kila mtu na koleo lake."

Walikuja sita. Pu Hrangchhuana alikuja na mwavuli,
baadaye akauweka chini.

Ukifungua ukurasa wa wiki ile
utaona mwandiko ni mbaya, herufi zinayumba.
Uniwie radhi, wewe utakayepokea kazi hii.
Viganja vilikuwa na malengelenge.