Alhamisi, Saa Tatu Usiku

Pasi imeshika moto, nami nimetega sikio.
Upande mmoja wa vipokea sauti ulikufa tangu Januari,
kwa hivyo Achola namsikia vizuri,
Mutinda namsikia nusu,
kama jirani anayegombana nyuma ya mabati.

"Karibuni tena Chenji Yetu,"
na nyuma yake mtu anakoroga chai,
kijiko kinagonga kikombe mara tatu. Daima tatu.

Leo ni mswada wa fedha.
Sikusomea uchumi, niliishia darasa la nane,
lakini sasa najua ushuru mpya umejificha wapi:
ukurasa wa arobaini na moja, aya ndogo,
umekunja miguu kama paka chini ya kitanda.
Achola anauvuta mkia. Nacheka peke yangu,
hadi mlinzi wa benki, ng'ambo ya barabara hapa Ngara,
ananikodolea macho.

Mbele yangu suti ya buluu, ya mheshimiwa fulani.
Dereva wake huileta, hulipa, huchukua risiti.
Nusu saa nzima wamemsema,
nami nanyoosha kola yake polepole,
maana kazi ni kazi,
na koti halikupiga kura.

Kisha zinakuja sauti za wasikilizaji.
Kwamboka wa Umoja, anayekohoa kabla ya kila hoja.
Habiba, nesi wa zamu, ananong'ona wagonjwa wasiamke.
Na yule asiyetaja jina, "ni mimi wa hesabu,"
anayejumlisha madeni ya kaunti hadi senti
na kufunga kila jumla kwa, "Ndivyo ilivyo, au nimekosea?"
Alikosea mara moja. Wiki iliyofuata
aliomba radhi dakika sita.

Mimi? Narekodi, nasikiliza, nafuta.

Jumamosi, Mlango Kubwa, mifereji imekauka.
Mtungi ni shilingi ishirini, foleni imepinda hadi kwa kinyozi.
Nyuma yangu mtu anasema:
"Mitatu kwa siku, siku thelathini, elfu moja mia nane.
Ndivyo ilivyo, au nimekosea?"

Nilidhani ni karani, mwenye miwani na kiyoyozi.
Kumbe ni mama wa ndala mbili za rangi mbili,
mtoto mgongoni amelala mdomo wazi.
Nikasema tu, "Chenji yetu?"
"Bado," akajibu, kabla hata hajaniangalia,
na huko mbele, karibu na mfereji,
mtu nisiyemwona akakohoa, akasema, "Bado!"

Leo suti ya buluu imerudi.
Mfukoni, sarafu moja: shilingi ishirini.
Mtungi mmoja.
Nikaikunja ndani ya risiti yake, nikaibana kwa pini.

Halafu nikashika simu.
"Ni mimi wa pasi," nikaanza,
na mvuke ukafoka katikati ya jina langu.
Sikufuta.