Kisanduku cha Uhusiano

Karani wa ofisi ya kata, huku Newala,
alinigeuzia fomu, akagonga kwa kalamu:
Uhusiano na marehemu.
Visanduku vinne. Mke, mume, mtoto, mzazi.
Nikamwambia mimi ni mpwa.
"Weka alama kwenye mengineyo," akasema,
akairudia chai yake.

Mengineyo!
Mimi niliyebebwa mgongoni na Mjomba Chilumba
hadi zahanati ya Kitangari, degedege limenibana taya;
niliyelipiwa ada kwa korosho za daraja la pili,
nikachapwa na yeye, si na baba,
maana baba kwetu alikuwa mgeni mwema:
anakula, anashukuru, hapigi mtoto wa watu.

Shuleni mwalimu mmoja, mtu wa Mikindani,
alinitania: mpwa ametokana na kupwa,
maji yakiondoka ndiye anayeachwa mchangani na kaa.
Nikaamini miaka mingi.
Kumbe bibi, asiyewahi kutia mguu baharini,
alitamka mwipwa,
na hiyo i katikati imekwama
kama mwiba wa ngogo wa Ruvuma.
Sijui neno lilitoka wapi.
Najua halikupanda mlima huu likiwa limelowa chumvi.

Nje, kwenye benchi, Somoe alikuwa ananisubiri.
Binti wa Mjomba, wa kumzaa.
Ndiye aliyemgeuza kitandani miezi saba,
akamkata kucha, akamsomea dawa kwa saa.
Mikorosho arobaini na sita:
kwa mila ni yangu, kwa fomu ni yake.
Huwa namwita binamu, kama watu wa redioni,
ingawa binamu ni bin wa ami,
na hapa ami hayumo kabisa,
wala Somoe si bin wa mtu.
Bibi angesema mkoi.

Tangu tumzike bibi sijalisikia neno hilo.
Nikalijaribu palepale, polepole,
kama mtu anayekanyaga ngazi ya zamani.
Somoe akageuka. "Nani?"

"Wewe."

Akajisogeza, nikakaa.
Fomu iko juu ya magoti yetu, nusu kwake, nusu kwangu,
imeshaingia doa la jasho.
Karani anafunga saa tisa.
Kalamu anayo Somoe. Anaizungusha vidoleni,
anakitazama kile kisanduku,
ananiuliza mkoi huandikwa kwa k moja au mbili.