Fomu ya Kuhuisha Usajili

Kila mwaka wa tano huja kwa posta,
kurasa kumi na moja, karatasi nzito ya kijivu:
saa ulizosoma, saa ulizosikilizwa,
kesi moja iliyokushinda, maneno yasizidi mia mbili.

Niko jikoni kwangu, Groningen. Mvua inazipiga baiskeli za majirani.
Nimeshajaza jina: Wietske Hoekzema,
mhudumu wa kiroho, wodi ya saba na ya tisa, zamu za usiku.
Dini: kuna kisanduku. Imani yangu ninayo,
ila mlangoni mwa mgonjwa naivua kama kiatu,
naiacha ukumbini inisubiri.
Hiyo ni kanuni ya nne. Nilipokuwa mwanafunzi niliicheka.

Kesi moja iliyokushinda.

Nimwite Tjaard, maana jina lake halitoki kinywani mwangu.
Mfugaji, miaka sabini na minne,
kifua kikivuta hewa kama pampu ya mfereji iliyoshika kutu.
Hakutaka zaburi. Hakutaka nimshike mkono.
Alitaka kujua kama ng'ombe wake, nambari arobaini na mbili
(na nambari pia nimeibadilisha),
amezaa salama; ndama alikuwa amegeuka tumboni.
"Mpigie Harm," alisema.
Harm ni mwanawe. Miaka tisa hawajasemezana,
ila kwa barua za benki.

Nikapiga kutoka ngazini, saa nane usiku.
Harm alipokea mlio wa kwanza, kama mtu aliyekuwa ameishika simu.
"Wamekufa," alisema. "Mama na ndama.
Mwambie wazima."

Kanuni ya pili: usimdanganye mgonjwa.
Kanuni ya sita: usimwage ulichokabidhiwa.
Kati ya pili na sita kuna ngazi kumi na nne,
nilizihesabu nikipanda.

Nikamwambia hivi, neno kwa neno:
"Harm ameniomba nikwambie kwamba wote wawili ni wazima."

Akanyamaza. Mashine ikahesabu kwa niaba yetu.
Kisha akatabasamu upande mmoja wa mdomo.
"Huyo mtoto," alisema, "tangu utotoni uongo humshinda."
Akaurudia, polepole, kama anayelamba asali kwenye kijiko:
"Ameniambia wazima. Harm."
Saa kumi na moja alfajiri akaenda zake.

Alhamisi ya tatu ya mwezi nilipanda kwa Geesje Olthof,
chumba chake juu ya duka la matairi, kinanuka mpira.
Yeye ndiye msimamizi wangu; kazi yake ni kunisikiliza
mimi ninayelipwa kusikiliza. Mganga hajigangi.
Nilikwenda na swali langu nimelipiga pasi:
je, sentensi ile ilikuwa kweli, au uongo uliovaa koti la kweli?
Nani nilimsaliti, baba au mwana?

Hakujibu. Akamenya chungwa.
"Baada ya pale ulikaa wapi?"
Ngazini.
"Na nani?"
Mpaka saa moja asubuhi. Peke yangu.
Halafu nikanawa uso, nikaenda wodi ya tisa.
"Basi," akasema, akinipa nusu ya chungwa,
"hilo ndilo la kuandika."

Nilikasirika. Nilitaka hukumu, nikapewa tunda.

Sasa naandika, nafuta, naandika.
Mia mbili hayanitoshi; nimeomba karatasi ya ziada,
nayo ina kanuni zake: pambizo kushoto, wino mweusi.
Sentensi yangu kwa Tjaard bado sijui niiweke safu gani.
Nimeiacha wazi, nikaandika pembeni kwa penseli: sijui.
Wakinirudishia, na wanirudishie.

Kuna mwanafunzi wangu, Ilja, miezi mitatu kazini.
Nimempa namba ya simu ya nyumbani, na saa si hoja.
Wiki hii amepiga mara mbili.
Mara ya pili hakusema kitu.
Tulikaa tu, yeye kwake, mimi hapa,
tukisikiliza friji zetu zikinguruma.
Kwenye safu ya saa za kusikiliza
nimeandika: dakika arobaini.