Tundu la Nane

Uliniambia saba, Valfrid.
Uliyaandika kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati la vikombe:
mawili ya kumwaga maji ya sitaha,
moja la sinki, moja la kupozea injini,
la choo kuingiza, la choo kutoa,
na la saba la moshi, juu kidogo ya maji,
bomba lake umelipinda kama shingo ya bata
ili wimbi la nyuma lisipande na kuinywesha injini chumvi.

Oktoba hii mashua imepandishwa nchi kavu, Mariehamn,
tumbo wazi, ladondosha mwani.
Joakim, kijana wa karakana, aliizunguka na tochi na nyundo ya mbao
akihesabu kwa sauti.
Akafika nane.
Nikamwambia, rudia.
Nane.

Lilikuwa chini ya kitanda chetu, upande wako,
nyuma ya ubao uliopakwa rangi na mwenye mashua wa kwanza.
Vali imeachwa wazi, mpini umekwama,
mpira umekatwa, mdomoni kizibo cha msonobari
na kibano kimoja kilichooza.
Akaikwangua shaba kwa ncha ya kisu.
Haikuwa njano. Ilikuwa ya waridi, kama ufizi wa mtoto.
Akaigonga, mara moja, wala si kwa nguvu,
ikamegeka kama biskuti.

Majira ya joto ishirini na sita!
Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema walio nchi kavu.
Kule ukuta ungeujengea wapi?
Usiku ule wa upepo, kaskazini ya Gotland,
ulinifunika blanketi ukasema, lala, nimeyakagua yote.
Nikalala.
Ulikuwa umekagua saba.

Nimepitisha vidole vitatu tunduni.
Baridi ya nje ikavishika.

Joakim ataliziba kwa faiba wiki ijayo.
Zile saba nimeziacha nusu wazi, kama ulivyonifundisha:
maji yakijificha ndani ya tufe la vali
yataganda, yaipasue shaba Januari, hatutajua hadi Mei.
Hilo ulilijua. Uliyajua mengi.

Chini ya orodha yako nimeandika: 8, kitandani.
Mwandiko wangu umekwenda upande.

Kipande cha waridi nimekitia mfukoni, kisha droo ya vijiko,
sijui kwa nini.
Leo asubuhi nilipapasa gizani kutafuta kijiko cha kahawa,
nikatoka nacho.