Vikombe Viwili

Daktari ameniandikia maji
kama wengine wanavyoandikiwa vidonge:
vikombe viwili kwa siku, mchuzi ukihesabiwa,
uji ukihesabiwa,
hata papai, alisema, lina maji yake.

Figo zangu zimefunga duka.
Jumatatu na Alhamisi nashuka Mtwara,
mashine inakunywa damu yangu na kuirudisha,
nami natazama dari yenye doa
linalofanana na kisogo cha marehemu kaka.
Mikorosho kumi na miwili imekwenda,
nimeiuza ikiwa na maua.
Mnunuzi hakubishana bei.
Hilo ndilo lililoniuma.

Somoe ananipimia kwa kikombe cha bati,
kile chenye ua jekundu lililobanduka.
Hanitazami nikinywa.
Naweka funda mdomoni, nalizungusha,
linapita jino kwa jino;
kumbe maji yana ladha. Ya mawe, kwa mbali ya moshi.

Bomba lilifika Newala mwaka juzi, lipo mlangoni.
Limekuja kwangu mimi niliyekatazwa.

Kabla yake, miaka ishirini na sita,
sisi juu mlimani, maji bondeni.
Saa tisa usiku wanawake walishuka,
kunapambazuka wanapandisha,
mtoto mgongoni,
tawi la majani ndooni, maji yasiruke.
Nikiamka mtungi umejaa.
Nilinawa uso, yaliyobaki nikawamwagia kuku.

Wageni wananiambia ugonjwa ni mtihani.
Naitikia. Swali lake sijalisoma.

Juzi kiu ilinitoa kitandani,
nikamkuta jikoni, amekaa gizani.
Nikauliza: kule bondeni, ni hatua ngapi?
Akacheka kwa pua.
"Kushuka sikuhesabu. Kupanda, elfu tatu na kitu.
Ukifika elfu mbili unaacha kuhesabu,
unaanza kutukana."
"Unamtukana nani?"
"Wewe. Nani mwingine?"

Tulicheka mpaka Mfaume, jirani,
akakohoa upande wa pili wa ukuta,
kisha tukanyamaza, na katika kimya kile
nikasikia bomba likidondoka, tone, tone,
nikahesabu, nikafika mia nne, nikachoka.

Leo kikombe cha pili nimekinywa nusu.
Nusu nimempa.
Akasema hana kiu.
Akanywa.